Miguu isiyolala: nilichokipata Kasulu nikitafuta habari za Mtabila

Nimekuwa kimya kwa muda na wapo waliodhani nimetundika kalamu. La hasha. Niliahidi makala kuhusu iliyokuwa kambi ya wakimbizi ya Mtabila, na Kasulu nilikwenda, ila nilirudi na habari nyingine niliyoibeba ndani ya miguu yangu mwenyewe. Nilijaribu kuziandika mbalimbali, nikashindwa. Basi leo nazileta pamoja.

Ilikuwa Desemba 2022, miaka 10 tangu kambi ile ifungwe. Nilipanda basi alfajiri Dar es Salaam. Hadi Dodoma nilikuwa mzima kabisa, napiga soga na jirani yangu, mzee mmoja wa Kibondo. Jua lilipoanza kuzama tukiwa tumeiacha Singida, miguu ikaanza. Siyo maumivu, siyo ganzi. Ni kama soda iliyotikiswa imemiminwa ndani ya mifupa, kuanzia magoti kushuka chini. Nikiitikisa inatulia. Nikiiacha, baada ya dakika mbili inarudi na kudai itikiswe tena. Nikakunja, nikanyoosha, nikavua viatu, nikasimama na kukaa. Mzee akaniangalia kwa huruma, akaninong'oneza: "Binti, usione haya, mwambie kondakta asimamishe ukachimbe dawa."

Nilicheka. Lakini usiku ule, na uliofuata kwenye gesti ya Kasulu, sikucheka tena. Mchana nazunguka na daftari langu bila tatizo. Ikifika saa tatu usiku, nikiinyoosha tu miguu kitandani, soda inaanza kuchemka. Saa nane za usiku nilikuwa natembea uani peku, kanga mabegani (nyanda za juu za Kigoma zina baridi, msidanganywe na habari za joto la ziwani).

Usiku wa tatu mama mwenye nyumba alinikuta huko uani. Nikaamkia shikamoo kwa haraka, kama mwizi aliyefumaniwa. Akaitikia marahaba, akanyamaza kidogo, kisha akauliza: "Mwanangu, ni miguu?"

Nilishtuka. Sikuwa nimemwambia mtu. Akaniambia ilimpata akiwa na mimba ya mtoto wake wa tatu, miezi ya mwisho, katikati ya miaka ya 1990. Alikuwa hawezi kulala, anatoka nje kutembea mpaka karibu na alfajiri. Mama mkwe wake akamwona. Sasa, ndugu msomaji, unajua inavyosemwa juu ya mwanamke anayezunguka uani peke yake usiku wa manane. Hasemwi kuwa mgonjwa. Anasemwa kuwa anawanga. Maneno yakazunguka familia nzima, na mumewe akamrudisha kwao mpaka ajifungue. Alipojifungua, miguu ikatulia yenyewe ndani ya wiki chache. Maneno hayakutulia.

Niliuliza kama alikwenda hospitali. "Ningekwenda kusema nini? Kwamba miguu inataka kutembea?"

Swali hilo ndilo lililonifanya niandike haya. Ningekuwa mimi enzi zile, ningesema nini? Nilikwenda kituo kimoja cha afya (jina nalihifadhi) nikasema hivyohivyo, na mwaka ulikuwa 2022. Nikaambiwa nina mawazo mengi. Nikapewa amitriptyline ya kunilaza. Nikaongeza na Piriton, kama tunavyofanya wengi tukikosa usingizi. Usiku ule ulikuwa mbaya kuliko zote. Baadaye nilijua sababu: vidonge vyote viwili ni vya aina inayoweza kuichochea miguu hii izidi.

Jina lipo. Linalotumika kwa Kiswahili ni ugonjwa wa miguu isiyotulia, na historia yake ni ndefu kuliko nilivyofikiri.

Wa kwanza kuuandika vizuri alikuwa Thomas Willis, tabibu wa Uingereza ambaye wanafunzi wa udaktari wanamjua kwa mzunguko wa mishipa ya damu ulio chini ya ubongo unaoitwa kwa jina lake. Mwaka 1672, katika kitabu cha Kilatini, alieleza watu ambao wakitaka kulala mikono na miguu yao huanza kurukaruka na kutapatapa, hata kitanda kikawa kwao mahali pa mateso. Aliwapa dawa ya afyuni, nayo iliwasaidia. Cha kushangaza ni kwamba dawa za jamii hiyo bado hutumika hadi leo kwa wagonjwa ambao dawa nyingine zote zimewashinda. Yule bwana aliona vizuri.

Kisha ikawa kama kila mtu amesahau. Karibu miaka 200 ilipita, na ugonjwa uliporudi vitabuni ulirudi na jina baya. Mwaka 1861 daktari wa Kijerumani, Theodor Wittmaack, aliuita kwa Kilatini "wasiwasi wa miguu" na kuuweka katika fungu la histeria. Histeria enzi hizo ilikuwa kapu la kutupia malalamiko ya wanawake ambayo daktari hakuyaelewa. Yaani Ulaya ya karne ya 19 ilimwambia mwanamke asiyelala kuwa ana wasiwasi, Kasulu ya miaka ya 1990 ikamwambia anawanga, na mimi nikaambiwa nina mawazo. Sijui ipi ni afadhali. Nadhani ya kwangu, maana mimi sikufukuzwa nyumbani.

Aliyeutoa ugonjwa huu kwenye kapu ni Karl-Axel Ekbom, daktari wa mishipa ya fahamu wa Sweden. Mwaka 1945 alitoa tasnifu nzima juu yake. Alifanya jambo ambalo sisi waandishi tunapaswa kulihusudu: aliwaacha wagonjwa waeleze kwa maneno yao, akayachukulia kwa uzito. Akaona mambo manne yanajirudia. Kuna hamu isiyozuilika ya kuichezesha miguu, huja mtu akipumzika, hupungua akitembea, na huwa mbaya zaidi jioni na usiku. Mpaka leo hayo manne ndiyo uti wa mgongo wa vigezo vya kuutambua. Hakuna kipimo cha damu wala picha inayouonyesha moja kwa moja. Ni maelezo ya mgonjwa tu, pamoja na daktari kuhakikisha hakuna tatizo jingine linalofanana nalo. Ndiyo maana asiyeulizwa vizuri hapatikani.

Ekbom aliona pia kuwa unawaandama wajawazito, wenye upungufu wa damu, na hata wanaochangia damu. Nilipofika hapo nilisimama kusoma. Mimi nilikuwa nimechangia damu mara tatu ndani ya mwaka mmoja na nikijisifu kwayo. (Naendelea kusema tuchangie, tafadhali. Ila kwa sisi wanawake ambao kila mwezi tunamwaga, tule na tupime.)

Msweden mwingine, Nordlander, mwaka 1953 aliwachoma wagonjwa madini ya chuma kwenye mshipa, na karibu wote wakapata nafuu. Alisema neno ambalo lilichukua miaka mingi kueleweka: mtu anaweza kuwa na damu ya kutosha kwenye kipimo, huku chuma kimepungua sehemu nyingine mwilini. Mwaka 2001 watafiti wa Johns Hopkins, Baltimore, walitumia mashine ya MRI wakaona kuwa wagonjwa hawa wana chuma kidogo katika sehemu ya ndani ya ubongo inayohusika na dopamini, kemikali inayoongoza mijongeo ya mwili. Mwaka 2003 uchunguzi wa ubongo wa marehemu waliokuwa na ugonjwa huu ukaonyesha hivyohivyo. Wala haina maana kwamba kila mgonjwa ana upungufu wa chuma. Wapo waliourithi kwa wazazi, na wapo wenye figo zilizoshindwa kazi. Lakini chuma ndicho mahali pa kwanza pa kutazama, na ndicho kilichonirudisha Mtabila.

Kwa wasiojua, Mtabila ilikuwa kambi ya Warundi wilayani Kasulu. Wengi walivuka mpaka baada ya Rais Melchior Ndadaye kuuawa Oktoba 1993 na nchi kuingia vitani. Kibondo kulikuwa na Nduta, Mtendeli na Kanembwa, Ngara kulikuwa na Lukole. Amani iliporudi kambi zikafungwa moja baada ya nyingine, na Mtabila ikabaki ya mwisho kwa Warundi wa miaka ile. Mwaka 2012 serikali ikatangaza kuwa hadhi ya ukimbizi imekoma kwa wengi wao. Kati ya mwisho wa Oktoba na katikati ya Desemba, zaidi ya watu 30,000 walipakiwa kwenye mabasi na malori kurudishwa Burundi. Wachache, chini ya 3,000, walionekana bado wana hoja ya kulindwa wakapelekwa Nyarugusu. Leo Mtabila ni kikosi cha JKT, 825 KJ. Vijana wanapiga kwata mahali ambapo watoto walizaliwa, wakakua na kufikia umri wa kuoa bila kuiona nchi yao.

Mwaka 2015 Burundi ilichafuka tena. Nyarugusu ikafurika, Nduta na Mtendeli zikafunguliwa upya. Miongoni mwa waliorudi Tanzania wapo waliokuwa wamepakiwa mabasi mwaka 2012. Hiyo ni makala nyingine, na nitaiandika kwa hasira zake.

Leo nawatakeni mfikirie usiku wa kambini. Mkimbizi hakuruhusiwa kwenda zaidi ya kilomita 4 kutoka kambini bila kibali. Usiku sungusungu wa kambi walizunguka, na mtu anayetembea gizani ni wa kuulizwa. Ndani ya nyumba ya udongo wamelala watu sita au saba wamebanana. Sasa weka ndani yake mama mwenye mimba ya miezi minane ambaye miguu yake haitaki kutulia. Atatembea wapi? Na akienda zahanati kusema halali, huyu ni mtu aliyekimbia vita. Mhudumu gani angewaza kingine zaidi ya vita? Mawazo, atasema, na kwa mtu wa pale ni jibu lenye mantiki kabisa. Ndiyo ubaya wake. Sababu kubwa iliyo wazi huziba sababu ndogo iliyojificha nyuma yake.

Na chuma kilikuwa haba kambini. Mgao wa chakula ulijengwa juu ya mahindi na maharage, mafuta kidogo, chumvi, na unga wa uji wa lishe. Nyama ilikuwa ya siku ya bahati. Mahindi na maharage yana chuma, lakini yana pia kemikali ya kwenye mbegu inayokishika chuma hicho kisifyonzwe tumboni. Ongeza malaria inayoharibu chembe za damu na minyoo ya safura inayoinyonya. Hili neno safura nalipenda, maana linaonyesha kuwa waliotutangulia walitazama kwa makini: mtu anapauka, anavimba, anachoka, anatamani kula udongo. Leo wataalamu wanajua kuwa hamu ya udongo na miguu isiyotulia zinaweza kuwa mbegu mbili za ganda moja, yaani upungufu wa chuma. Wajawazito wa sokoni Kasulu wanaonunua udongo na kuutafuna huenda wanatuambia kitu, nasi tunawacheka.

Tatizo la damu makambini lilijulikana. Kati ya mwaka 2001 na 2003 lilifanyika jaribio moja ambalo ningelipenda sana lifanikiwe. Katika kambi mbili za magharibi mwa Tanzania watafiti walitaka kujua kama sufuria zingesaidia. Wazo lilikuwa rahisi: sufuria nyingi ni za alumini, basi wape watu sufuria za chuma kisichoshika kutu, na kidogo cha chuma hicho kitaingia kwenye chakula kila siku bila mtu kumeza kidonge. Wakagawa katika kambi moja, wakapima damu za watoto na mama zao katika zote mbili kwa vipindi. Matokeo yalipochapishwa mwaka 2010, sufuria hazikuwa zimeongeza damu. Chuma kile, kwa kuwa hakishiki kutu, hakitoki kirahisi. Nina heshima na jaribio hili hata hivyo. Wangeweza kugawa, wakapiga picha za kina mama wakitabasamu na sufuria, wakaondoka. Walikaa wakapima, wakasema ukweli.

Utauliza, kwa nini basi kila mtu asipewe vidonge vya chuma? Hapa jibu linatoka kwetu pia, kisiwani Pemba. Watoto wadogo zaidi ya 24,000 waliingizwa kwenye utafiti wa kuwapa chuma na asidi ya foliki kila siku. Agosti 2003 sehemu ya chuma ilisimamishwa kabla ya wakati, kwa sababu waliopewa walikuwa wakiugua sana na kufariki zaidi kuliko wasiopewa. Malaria ilikuwa nyingi Pemba wakati ule. Ripoti ilipotoka mwaka 2006 ilitikisa sera za dunia nzima. Lakini ndani yake kuna jambo la pili ambalo halikupigiwa kelele: katika kundi dogo lililopimwa damu kwanza na kufuatiliwa kwa karibu, watoto waliokuwa kweli na upungufu walinufaika. Kwa hiyo nikisema chuma ni mahali pa kutazama, sisemi mtoto wako apewe vidonge vya jirani. Nasema pima, kisha tibu, na malaria isiachwe nyuma.

Nimesoma pia utafiti wa vijijini kaskazini mwa Tanzania uliochapishwa mwaka 2010, waliopita nyumba kwa nyumba kuutafuta ugonjwa huu. Walikuta kiwango kidogo mno, chini ya mtu mmoja kwa kila mia, wakati Ulaya na Marekani Kaskazini hutajwa watu 5 hadi 10 kwa mia. Yawezekana kweli ni adimu vijijini, kwa sababu za urithi au kwa kuwa watu wanachoka kwa jembe. Mimi nina wasiwasi wangu. Ukimuuliza mwanamke mbele ya mama mkwe kama usiku miguu yake inamtaka atoke atembee, unadhani atajibu nini? Mama yangu wa gesti angesema hapana.

Nisije nikaonekana nasema jina ni dawa. Jina nalo huuzwa. Mwaka 1982 daktari wa Uturuki, Akpinar, alionyesha kuwa levodopa, dawa ya ugonjwa wa kutetemeka uitwao Parkinson, inatuliza miguu hii. Kuanzia hapo kampuni za dawa zikanusa fedha. Mwaka 2005 Marekani iliidhinisha ropinirole kwa ajili yake, matangazo yakajaa kwenye televisheni, na mwaka uliofuata wakosoaji wakaandika kuwa ugonjwa unakuzwa ili dawa iuzike. Wote walikuwa na sehemu ya ukweli. Dawa zile zilileta nafuu ya haraka, lakini kwa wengi, baada ya miaka, ziliugeuza ugonjwa uanze mapema zaidi mchana na kupanda hadi mikononi. Wengine zikawatia uraibu wa kamari. Januari 2025 Chuo cha Marekani cha Tiba ya Usingizi kilitoa mwongozo mpya ambao hauzipendekezi tena kwa matumizi ya kawaida. Kilichowekwa mbele ni kupima chuma na kukirudisha, kisha dawa za jamii ya gabapentin. Baada ya zaidi ya miaka 70 tumerudi kwa Nordlander.

Mimi je? Nilirudi Dar, nikampata daktari aliyeuliza maswali manne ya Ekbom bila mimi kumtajia. Damu yangu ilikuwa 12.1, ambayo popote ungeambiwa uko sawa nenda nyumbani. Akaagiza kipimo cha feritini, kinachoonyesha akiba ya chuma. Ilikuwa 11. Kwa ugonjwa huu wanashauri kuiongeza ikiwa haizidi 75. Amitriptyline ikasimama, Piriton ikaenda kapuni. Nikapewa vidonge vya chuma, kimoja siku moja na siku ya pili napumzika, kwa sababu utafiti uliofanywa Uswisi kwa wanawake na kuchapishwa mwaka 2017 ulionyesha kuwa mwili hufyonza vizuri zaidi hivyo. Nakunywa na juisi ya chungwa, na chai ya rangi naisogeza saa mbili mbele, maana chai hukizuia chuma. Kuiacha chai asubuhi ndiko kulikoniuma kuliko yote.

Haikuwa muujiza. Mwezi wa kwanza sikuona kitu. Jioni nilikuwa nakanda miguu, nanyoosha misuli ya nyuma, naimwagia maji baridi, na kazi za kukaa nilizisogeza asubuhi, za kusimama jioni. Nilipika sana kipindi kile, majirani walifaidi. Mwezi wa tatu nikaanza kupata usiku mzima mmoja mmoja. Leo yananirudia mara chache, hasa nikikesha kwenye habari za uchaguzi au nikisafiri mbali, na kwenye basi naomba kiti cha njiani.

Nilimpigia simu mama wa Kasulu kumweleza. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaomba nimtajie tena jina lile polepole, na kile kipimo. Binti yake wa mwisho ana mimba ya miezi saba, na usiku anasikia mlango wa uani unafunguliwa.